Pampu mbili, tangi moja: kwa nini jibu si saa 5

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi nipo Singida, nina kisima na tangi la lita 6,000, nauza maji kwa ndoo. Nina pampu mbili. Ya umeme ikiwa peke yake inajaza tangi kwa saa 4, ya petroli kwa saa 6. Siku ya mnada wateja ni wengi, kwa hiyo nawasha zote mbili. Nilimwuliza mwanangu wa kidato cha kwanza zitatumia muda gani, akasema saa 5. Nikamwambia haiwezekani, ya umeme peke yake inamaliza kwa 4. Akanionyesha daftari, hesabu kaipanga vizuri tu. Tena wiki iliyopita: mafundi wanne walinijengea ukuta kwa siku 6, nikamwuliza wangekuwa sita wangetumia siku ngapi, akasema 9. Mtoto si mvivu na shuleni anapata alama. Anakosea wapi, na mimi niliyeishia darasa la saba nimweleweshe vipi?

JIBU: Marahaba mama, na hongera kwa kulikataa jibu kabla hata ya kuonyeshwa daftari. Hicho ulichofanya, kujiuliza kama jibu linawezekana, ndicho mwanao anachokosa. Kuzidisha na kugawanya anajua. Wastani wa 4 na 6 ni 5 kweli, na 6 mara 6 gawanya kwa 4 ni 9 kweli. Amepiga hesabu sahihi za swali ambalo hukumwuliza.

Tuanze na tangi, maana ndilo linalokupa kula.

Mwambie aweke kalamu chini, ajibu kwa mdomo mambo mawili. Kwanza, kama pampu zako zingekuwa mbili za umeme zinazofanana, kila moja ya saa 4, zikiwashwa pamoja tangi lingejaa baada ya muda gani? Atasema saa 2, hahitaji karatasi. Pili, kama zingekuwa mbili za petroli, kila moja ya saa 6? Saa 3. Sasa wewe unayo moja ya kasi na moja ya polepole, kwa hiyo jibu lako lazima liangukie kati ya hapo: zaidi ya saa 2, pungufu ya saa 3. Bado hatulijui, lakini 5 limeshakwenda na maji. Nimefundisha miaka mingi, na sijaona njia nzuri kuliko hii ya kumkinga mtoto na jibu la ajabu. Kabla ya kutafuta jibu, jenga uzio ambamo jibu litakamatwa.

Sasa tulikamate. Wastani umemponza kwa sababu unazichukua saa za pampu moja na saa za pampu nyingine kana kwamba ni vitu vya kuchanganya kwenye kapu moja. Pampu zako hazipeani zamu, zinafanya kazi ndani ya saa ile ile. Kinachoweza kujumlishwa ni maji yanayoingia ndani ya saa hiyo moja. Pampu ya umeme inaleta lita 6,000 kwa saa 4, yaani lita 1,500 kila saa. Ya petroli inaleta lita 6,000 kwa saa 6, yaani lita 1,000 kila saa. Pamoja ni lita 2,500 kwa saa. Tangi la lita 6,000 ukiligawa kwa 2,500 unapata 2.4.

Hapa msimamie kijana kwa karibu, kwa sababu kuna shimo la pili na wengi hutumbukia wakiwa wameshashangilia. Saa 2.4 si saa 2 na dakika 40, wala si saa 2 na dakika 4. Ile nukta nne ni sehemu nne za kumi za saa, na saa ina dakika 60, kwa hiyo ni 0.4 mara 60, dakika 24. Kikokotoo cha simu hakijui kwamba unazungumzia saa. Kinakupa sehemu za kumi, kazi ya kuzigeuza dakika ni yako. Fedha zetu, mita na kilo zote zinakwenda kwa kumi na mia, saa ndiyo iliyobaki na sitini tangu zama za Wababeli. Mtoto asilaumiwe kwa kuisahau, ila akumbushwe kila mara.

Jibu lako basi ni saa 2 na dakika 24. Lipo ndani ya uzio.

Shuleni watampa swali hili bila kumwambia tangi ni la lita ngapi, na hapo ndipo sehemu zinapoingia. Pampu moja inajaza robo ya tangi kwa saa, nyingine sehemu moja ya sita. Robo na moja ya sita ni 5 ya 12. Ikiwa kila saa zinajaza sehemu 5 kati ya 12, tangi zima ni 12 gawanya kwa 5, na tunarudi kwenye 2.4. Akizichukia sehemu, mruhusu abuni tangi lake mwenyewe. Achague namba inayogawanyika kwa 4 na kwa 6, tuseme lita 12, kisha afanye kama tulivyofanya: lita 3 kwa saa, lita 2 kwa saa, jumla 5. Ukubwa wa tangi hauna athari kwenye jibu mradi saa 4 na saa 6 zimetajwa. Nadhani kumwacha agundue hilo mwenyewe kutamfaa kuliko mimi kulieleza kwa kurasa mbili.

Kuna njia ya mkato atakayoiokota kwa wenzake: zidisha 4 kwa 6, gawanya kwa 4 jumlisha 6, yaani 24 gawanya kwa 10. Inatoa jibu sahihi. Mimi siipendi ianze mapema, kwa sababu ni ya pampu mbili tu. Siku swali likija na pampu tatu, mtoto atazidisha zote tatu na kugawanya kwa jumla yake, na atapata upuuzi uliopangwa vizuri. Ile ya kujumlisha kazi ya saa moja inakubali pampu mbili, tatu, hata kumi.

Wewe mwenyewe huhitaji jibu liishe kwenye daftari. Unataka kujua uamke saa ngapi. Tuseme wateja wanaanza kufika saa 1 asubuhi na unataka wakute tangi limejaa. Kutoa saa 2 na dakika 24 kutoka saa 1 kunamkanganya mtoto kwa sababu 1 ni ndogo kuliko 2. Mwambie saa 1 asubuhi inakuja baada ya saa 12 ya alfajiri, kwa hiyo aihesabu kama 13. Kumi na tatu toa 2 ni 11, toa dakika 24 ni saa 10 na dakika 36 alfajiri. Weka kengele ya simu saa 10 na nusu, utapata dakika sita za kuhangaika na kamba ya kuwashia ile ya petroli.

Tuendelee kidogo, maana biashara haingoji tangi lijae. Tuseme umechelewa kuamka, tangi ni tupu, umewasha pampu zote mbili na wateja wameshapanga foleni. Unauza ndoo 25 za lita 20 kwa saa, ambazo ni lita 500. Zinaingia 2,500, zinatoka 500, kwa hiyo kinachobaki kwenye tangi kila saa ni lita 2,000. Gawanya 6,000 kwa 2,000, tangi litajaa baada ya saa 3 kamili. Kinachotoka nacho kina kiwango chake kwa saa, tofauti ni kwamba kinatolewa badala ya kujumlishwa. Na ikitokea foleni inachota zaidi ya lita 2,500 kwa saa, yaani zaidi ya ndoo 125, jibu litakuwa hasi, maana yake tangi halitajaa kamwe. Watoto wakipata hasi hufuta haraka wakidhani wamekosea, kumbe mara nyingine hasi ndiyo inayosema kweli.

Na umeme ukikatika? Tuseme uliwasha ya umeme peke yake, ikafanya kazi saa moja na nusu, giza. Umeshapata lita 1,500 mara 1.5, yaani 2,250. Zimebaki 3,750. Pampu ya petroli inaleta 1,000 kwa saa, kwa hiyo unahitaji saa 3.75 zaidi. Nukta sabini na tano ni robo tatu, dakika 45. Saa 3 na dakika 45, na petroli ya kutosha muda huo. Swali la namna hii linawatisha wanafunzi kwa kuwa lina vipande viwili, lakini hakuna kipya ndani yake. Kila mara ni kiwango kwa saa mara muda, ukajua kilichofanyika, ukatazama kilichobaki.

Sasa jambo ambalo daftari la mwanao halitamwambia, na wewe unalijua kuliko mimi. Hesabu zote hizi zinaamini kwamba pampu inatoa maji kwa kiwango kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kisima chako nacho kina kiwango chake, yaani maji yanayorudi kutoka ardhini kila saa. Kama kisima kinarudisha lita 1,800 kwa saa na pampu zinavuta 2,500, usawa wa maji utashuka, pampu zitainua maji kutoka kina kirefu zaidi na kuleta kidogo, na mwisho zitavuta hewa. Pampu ya tatu haitaongeza tone. Kabla ya kuamini saa 2 na dakika 24, pima. Chukua ndoo ya lita 20 na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde. Pampu ya umeme, ikiwa kweli inaleta lita 1,500 kwa saa, inaleta lita 25 kwa dakika, na ndoo itajaa kwa sekunde 48. Ya petroli itaijaza kwa sekunde 72. Zote mbili kwenye bomba moja, chini kidogo ya sekunde 29. Pima mwanzoni, kisha pima tena baada ya saa moja. Sekunde zikiwa zimeongezeka sana, kisima kimeanza kuchoka, na utajua kwamba haraka ya siku ya mnada inatakiwa kuandaliwa usiku wa kuamkia mnada kwa pampu moja.

Haya, ukuta.

Mwanao aliandika: mafundi 4, siku 6. Mafundi 6, siku ngapi? Akazidisha kwa msalaba, namba ya huku mara namba ya kule, akapata 9. Njia hiyo ameifundishwa kwa bei ya sukari: kilo 4 kwa shilingi kadhaa, je kilo 6? Huko inafaa kabisa, kwa sababu kilo zikiongezeka fedha zinaongezeka. Akaihamishia kwa mafundi bila kuuliza kama mafundi wakiongezeka siku nazo zinaongezeka. Angejiuliza hilo tu, 9 lisingeandikwa.

Ningependa umpe swali moja la kujiuliza kila akutanapo na hesabu za aina hii: ni kitu gani hapa hakibadiliki? Kwenye sukari, kisichobadilika ni bei ya kilo moja, na hiyo unaipata kwa kugawanya. Kwenye ukuta, kisichobadilika ni kazi yenyewe, ukuta ni uleule. Mafundi 4 kwa siku 6 wamefanya siku 24 za fundi mmoja, hiyo unaipata kwa kuzidisha. Ukuta wako una siku 24 ndani yake, uwagawie mafundi wowote. Sita, kila mmoja ana siku 4. Watatu, siku 8. Akishajua kama kisichobadilika kinapatikana kwa kugawanya au kwa kuzidisha, hahitaji kukariri jina la uwiano huu wala ule.

Na lile la kweli zaidi, ambalo hutokea kwenye kila ujenzi: mafundi wanne wameanza, baada ya siku 2 umeona unachelewa, umeongeza wawili. Siku 8 za fundi zimeshatumika, zimebaki 16. Mafundi 6 wanazigawana, kila mmoja siku 2 na theluthi mbili. Hiyo theluthi mbili ni ya siku gani? Ni ya siku ya kazi, siyo ya saa 24. Kama fundi anaanza saa 2 asubuhi, anapumzika kula kuanzia saa 7 hadi saa 8 mchana, na anafunga saa 11 jioni, siku yake ni saa 8 za kazi. Theluthi mbili ya 8 ni saa 5 na dakika 20. Anafikisha saa 5 anapoenda kula, anarudi saa 8, na dakika 20 baadaye anaosha mwiko. Mwanao akikuambia theluthi mbili ya siku ni saa 16, mwulize ni fundi gani huyo.

Hapo pia kuna mpaka. Siku 24 za fundi hazimaanishi kwamba mafundi 24 watakumalizia kwa siku moja. Watagongana viwiko, saidia fundi mmoja hawezi kuwachanganyia wote, na ukuta ukipandishwa kozi, yaani mistari ya matofali, nyingi mno kwa siku moja, saruji ya chini ikiwa bado haijashika, unalemewa. Hesabu ya mafundi ni ya kuaminika ukiwa karibu na idadi uliyoanza nayo, kutoka wanne kwenda sita au wanane. Ukienda mbali zaidi inakuwa hadithi. Na kuna kazi ambazo hazijali watu kabisa. Zege la linta, ule mkanda wa juu ya milango na madirisha, linamwagiwa maji angalau siku 7, na nguvu yake kwa desturi hupimwa siku ya 28. Uweke mlinzi mmoja au kumi, siku ni zilezile. Sufuria ya maharage ya kilo moja ikiiva kwa saa 2, kilo mbili kwenye sufuria kubwa hazihitaji saa 4. Mtoto aliyezoea kwamba kila swali lina kuzidisha au kugawanya ni vizuri akutane na haya mawili mapema.

Kwa upande wa pili, kipo kiwango kimoja kisichochoka kama kisima wala kugongana kama mafundi. Dunia inazunguka nyuzi 360 kwa saa 24, yaani nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika 4. Kwa mistari ya longitudo kwenye ramani, Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 39.3 mashariki, Singida karibu 34.8. Tofauti ni 4.5, mara 4 ni dakika 18. Jua linalozama Dar linakuja kuzama kwenu kama dakika 18 baadaye, ukiacha dakika chache zinazoongezeka au kupungua kulingana na msimu. Kigoma ipo karibu nyuzi 29.6, tofauti na Dar ni 9.7, kwa hiyo karibu dakika 39. Aliye Kigoma mwezi wa Ramadhani akifungua kwa adhana ya redio ya Dar, amekula jua likiwa bado linamtazama. Hapo kuzidisha kwa msalaba kunafaa mia kwa mia: nyuzi zikiongezeka maradufu, dakika zinaongezeka maradufu.

Kwa hesabu hiyohiyo mwanao anaweza kutafuta kwa nini vivuli havifupiki saa 6 kamili ya mchana hapo kwenu. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45, ambao unapita karibu na Mogadishu. Singida iko nyuzi 10 na kidogo magharibi ya mstari huo, kwa hiyo kwa wastani jua hufika juu kabisa kama dakika 41 baada ya saa 6. Kigoma ni karibu saa nzima, mchana wao halisi uko saa 7. Bujumbura, ambayo iko karibu kabisa na Kigoma, saa zao ziko nyuma kwa saa moja na mchana wao unaangukia karibu na saa 6. Jua ni moja, uso wa saa ndio tofauti.

Nimebakisha safari, kwa sababu kosa la wastani litarudi huko hata akishaliacha kwenye pampu. Singida hadi Dodoma ni takriban kilomita 240. Basi likienda kwa wastani wa kilomita 60 kwa saa na kurudi kwa 40, wastani wa safari nzima ni ngapi? Wote watasema 50. Kwenda ni saa 4, kurudi ni saa 6, jumla saa 10 kwa kilomita 480. Wastani ni 48. Hamsini imekosea kwa sababu basi limekaa muda mrefu zaidi kwenye mwendo wa polepole, saa 6 dhidi ya 4, kwa hiyo ile 40 ina uzito mkubwa kuliko 60.

Kwenye kilomita hizo 240 kuna jambo ninalopenda kila dereva alione, na wewe unaweza kulipanga na mwanao mezani. Kwa kilomita 40 kwa saa ni saa 6. Kwa 60, saa 4. Kwa 80, saa 3. Kwa 100, saa 2 na dakika 24. Kwa 120, saa 2. Kila hatua nimeongeza kilomita 20 zilezile, lakini tazama unachookoa: kwanza saa 2, kisha saa 1, kisha dakika 36, kisha dakika 24. Kadiri unavyokimbia, kila nyongeza inakulipa kidogo. Kutoka 40 kwenda 60 kuna faida kubwa, na kwa kawaida inapatikana kwa barabara nzuri na kusimama mara chache. Kutoka 80, ambao ndio ukomo wa sheria kwa mabasi yetu, kwenda 100, unapata dakika 36 endapo barabara ingekuwa tupu safari nzima, jambo ambalo halipo, kwani vijijini unatakiwa kushuka hadi 50. Na hatari haiongezeki kidogo kidogo kama faida. Umbali ambao gari linahitaji ili lisimame baada ya breki kukamata unakua kwa mraba wa mwendo. Mia moja gawanya kwa themanini ni 1.25, na 1.25 mara yenyewe ni karibu 1.56. Umeongeza mwendo kwa robo, umbali wa kusimama umeongezeka kwa zaidi ya nusu. Abiria wanaompigia dereva kelele aongeze moto wangeona jedwali hili, wengine wangenyamaza.

Kuhusu kumwelewesha, usiogope darasa lako la saba. Uwiano wenyewe unafundishwa shule ya msingi, na mwanao huenda aliujua kwa Kiswahili kisha akakutana nao kidato cha kwanza kwa Kiingereza, mbio mbio, akabaki na mbinu bila maana yake. Mwulize kwa Kiswahili, kwa vitu vyenu vya nyumbani, na umtake akadirie kwa mdomo kabla ya kushika kalamu. Asipoweza kukadiria, bado hajalielewa swali, na kuandika kutamficha tu.

Mpe na hili la kufanyia mazoezi. Umenunua pampu ya tatu, ya sola, inayojaza tangi lilelile kwa saa 12 za jua kali ikiwa peke yake. Ukiwasha zote tatu saa 4 asubuhi tangi likiwa tupu, litajaa saa ngapi? Akikuambia limejaa baada ya saa 2 na dakika 24 au zaidi, mwulize kama ile ya sola inatoa maji au inayanywa. Akipata saa kamili isiyo na desimali wala dakika, yuko sawa. Kisha umwambie wingu limefunika jua baada ya saa moja na sola imezima, aanze upya kuanzia hapo.